Fort Jesus na watoto watatu: safari hii tulipatia

Mara ya kwanza niliwapeleka wanangu Fort Jesus, ngome ya kale ya Wareno pale Mombasa, saa sita mchana, mwezi wa Februari. Sirudii tena. Ua wa ngome uko wazi, jua la kaskazi linakupiga utosini na mawe yanakurudishia joto miguuni. Binti yangu wa miaka tisa alivumilia, wa kiume wa miaka sita akalia, na mdogo, ambaye alikuwa hajatimiza miwili, akanilalia begani mpaka tukatoka. Juzi tumerudi. Tulifika lango linapofunguliwa, saa mbili asubuhi, na mambo yakawa mengine kabisa.

Kama mna mtoto mchanga, kigari chake kiacheni nyumbani. Kuna ngazi na mawe yaliyopandana, mtakibeba kuliko mtakavyokisukuma. Mimi nilimfunga mdogo mbeleko kwa leso, nikabaki na mikono miwili. Ndara zinateleza, wavisheni viatu. Kofia, maji ya kutosha, na kitambulisho, kwa sababu raia, mkazi na mgeni kila mmoja ana kiingilio chake.

Kosa letu jingine la mwanzo lilikuwa mwongozaji tuliyemwokota barabarani. Alijua mambo, sikatai, lakini alitumwagia miaka kama anakariri orodha ya deni: 1593, 1596, 1631, 1698. Watoto walikuwa wamechoka hata hatujafika ua wa ndani. Safari hii nilisoma mwenyewe usiku wa kuamkia, nikachagua vitu vitatu tu. Vingine vyote vikionekana ni bahati, visipoonekana basi.

Cha kwanza ni jiwe lenyewe. Ngome imejengwa kwa mawe ya matumbawe juu ya mwamba wa matumbawe. Mahali palipobanduka lipu, wa miaka sita aliona alama zilizojikunja kama utumbo, akapitisha kidole taratibu kwenye kila mkunjo.

"Mama, hili jiwe lilikuwa hai?"

Lilikuwa hai, mwanangu, tena baharini. Basi hapo tulikaa robo saa nzima, anaukagua ukuta kama fundi aliyeitwa kukadiria gharama.

Cha pili ni michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno waliokaa humo, mingine kwa makaa: meli, makanisa, watu. Binti yangu, ambaye bado ana kesi ya kuchora ukuta wa sebuleni, alinitazama tu bila kusema neno.

Cha tatu kilikuwa kisa cha Waomani kuwazingira Wareno, na hiki nilikisimulia tukiwa tumekaa kivulini. Walianza kuizingira ngome Machi 1696, wakaingia Desemba 1698. Binti akahesabu kwa vidole: karibu miaka mitatu. "Walikuwa wakila nini?" Swali zuri kuliko yote niliyowahi kumuuliza mwongozaji. Nikawaambia njaa na maradhi ndiyo yaliyowamaliza wengi mle ndani. Kisha tukaingia kwenye jumba la makumbusho kuona vitu vilivyotolewa kwenye Santo António de Tanná, meli ya Kireno iliyoletwa kuwasaidia ikazama hapo hapo mbele ya ngome mwaka 1697. Wapiga mbizi walianza kuichimbua mwaka 1977. Ukishawaambia kisa kwanza, hata kigae cha mtungi wanakitolea macho. Bila kisa wanakipita mbio.

Angalizo moja la dhati: huko juu kwenye kuta usimwachie mtoto mkono. Matundu ya mizinga ni mapana, na mtoto wa miaka sita anayaona kama madirisha yaliyowekwa kwa ajili yake. Tuligawana, baba yao na wa kiume, mimi na hawa wawili. Nyumba ya Waomani, humo humo ngomeni, ndiyo iliyotupumzisha: kivuli, upepo, na ukichungulia unaona mapaa ya Mji wa Kale.

Habari za jela (Waingereza waliigeuza ngome kuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958) niliziruka kwa sababu ya wadogo. Mkubwa alizisoma mwenyewe kwenye kibao, na maswali yake yananisubiri mpaka leo.

Saa mbili na nusu zilitutosha. Kabla jua halijakaza tulikuwa kwenye tuktuk kuelekea Mama Ngina, pale kando ya bahari, tukala mihogo ya kukaanga chini ya mbuyu, pilipili na ndimu kwa wakubwa. Mdogo alilala kwenye leso. Wa miaka sita aliokota kokoto moja baada ya nyingine, anaigeuza, anaisogeza karibu na jicho, anaitupa.

"Hii haikuwa hai. Na hii pia."