Uzoefu wangu na ASK 13, glaida ya zamani ya kujifunzia

Vijana wa hapa Mbeya wakisikia kwamba nilijifunza kurusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, nilipokuwa masomoni Ujerumani, huniuliza kama zile ndege kuukuu za mafunzo zina maana yoyote. Mimi nilifundishwa kwa ASK 13, na naitetea bila kusita.

Ilibuniwa na Rudolf Kaiser wa kiwanda cha Schleicher, ikaruka mara ya kwanza mwaka 1966. Bodi yake ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa na kuvikwa kitambaa. Mabawa ni ya mbao. Ndani yake unasikia kila kitu. Kasi ikipungua, mlio wa upepo unafifia kabla hujatazama kipimo. Ukikata kona bila kukanyaga pedali sawasawa, kijiuzi kilichobandikwa kwenye kioo kinalala upande kuonyesha kwamba ndege inaserereka, na mwalimu nyuma yako hana haja ya kusema neno. Miguu yangu ilifunzwa humo, na hadi leo inajua kazi yake.

Masafa ndiyo udhaifu wake. Ukiwa mita 1,000 juu, hewa imetulia, utafika kama kilomita 27: kutoka Mwanjelwa unaipita Mbalizi, lakini Makambako usahau. Za faibagilasi zipo zinazovuka 40, tena ukiinamisha pua kidogo tu zinachomoka. Wapo wanaolalamika kwamba ndege za zamani ziliwachelewesha wanafunzi wenye hamu ya safari ndefu. Sikubaliani nao. Safari ndefu ina wakati wake. Kona safi na kutua salama ndiyo alfabeti.

Halafu kuna gharama. Wanachama wa klabu yetu walifanya matengenezo mengi wenyewe wakati wa baridi, chini ya mkaguzi, ndiyo maana hata mtoto wa miaka 14 alimudu ada.

Kwetu huku, nisingeiweka Tukuyu, maana mbao na gundi haviwezi ile mvua. Ningeipeleka Usangu, kiangazi, tai wanapozunguka bila kupiga bawa juu ya hewa ya moto inayopanda, ile ile inayoinua glaida. Na kwa kuwa nyanda zetu ziko juu, hewa ni nyepesi, ndege yoyote hugusa ardhi kwa kasi kubwa kuliko kipimo kinavyosema. Mwanafunzi wa hapa anahitaji hasa ndege inayotua polepole, na ASK 13 inatua polepole.