Nimelipia kumwona Valentino, nikaonyeshwa kichekesho

Mnaotaka kulipia hii huduma ya sinema za zamani, subirini kwanza. Mimi nilijiunga kwa ajili ya mtu mmoja tu, Rudolph Valentino. Mwitaliano, kaingia New York mwaka 1913, akawa anacheza dansi na wanawake kwa malipo, kisha Hollywood wakampa vijisehemu vya wahuni. Mwandishi June Mathis ndiye aliyeng'ang'ania apewe nafasi kubwa kwenye The Four Horsemen of the Apocalypse ya mwaka 1921, na ile dansi ya tango aliyocheza humo ikamtoa. Agosti 1926 akafa, ana miaka 31, sinema hata hazijaanza kusema. Ustaa wa miaka mitano! Sauti yake hatuisikii kwenye filamu hata moja, kilichobaki ni mwendo wake.

Sasa hawa jamaa mwendo wenyewe ndio wameuharibu. Kwenye ile tango anatokea na kofia yake pana, sigara mdomoni, anamshika yule dada kiunoni, nami nimejiweka sawa kwenye kochi. Basi badala ya kuburuza mguu kwa maringo, anarukaruka kama kaingiwa na siafu kwenye suruali! Wanangu walicheka mpaka nikazima.

Tatizo lenyewe linajulikana. Enzi zile kamera ilizungushwa kwa mkono, na picha kwa sekunde mara nyingi zilikuwa pungufu ya hizi 24 zilizokuja na sauti. Ukizipeleka kwa 24 bila kurekebisha, hata maiti anakimbia. Nikawaandikia huduma kwa wateja, kwa adabu kabisa. Jibu: "Mpendwa mteja, filamu bubu ndivyo zilivyo." Nikafafanua tena. Nikajibiwa kwamba kama sipendi za kizamani, wanazo za kisasa. Mimi! Nimekuja kwao kwa sababu ya za kizamani, halafu kijana ambaye nina hakika hajamaliza hata moja ananielekeza kwenye za kisasa. Na bado ananiita mpendwa.

Nyota moja. Ila tusidhulumiane, The Eagle ya mwaka 1925 wameiweka vizuri. Mle Valentino ni askari wa Urusi, malkia kamtamani, kamkaribisha faragha, na yeye anatabasamu kwa heshima huku macho yanatafuta mlango. Hana haraka. Kope tu zinafanya kazi, na unacheka pale anapotaka ucheke. Nikairudia usiku huohuo. Kwa hiyo hiyo peke yake ningewapa nne.

Lakini ngoja. Kumbe wanaweza! Kuna mtu pale ofisini anajua mwendo unarekebishwaje, na wakaniandikia upuuzi ule? Nairudisha moja. Sijajitoa bado, mwezi nimeshaulipia na The Eagle nataka kumwonyesha shemeji. Mwenye kopi ya ile tango inayokwenda sawasawa aniambie anaitoa wapi, nipo tayari kulipa.