Siku nne katika nyumba ya mawe na makuti, Lamu

Mwezi wa Julai nilikodi nyumba ya zamani katika Mji Mkongwe wa Lamu, ambao tangu mwaka 2001 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na ninaandika hapa kwa ajili ya wale wanaojali jinsi nyumba ilivyojengwa kuliko jinsi kitanda kilivyotandikwa.

Mtu hupita kwanza kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza pande zote mbili, kisha hupinda kona kabla ya kufika uani, kwa hiyo mpita njia haoni kitu hata mlango ukiachwa wazi. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na unene wake unakaribia nusu mita. Saa nane mchana, jua likiwaka kichochoroni, niliweka kiganja ukutani nikasikia ubaridi. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa kuwa upana wake huamuliwa na boriti za mikoko zinazobeba dari, nazo hazifiki mbali. Katika chumba cha ndani kabisa ukuta mzima umejaa zidaka za chokaa, yaani vishubaka vya ukutani vya kuwekea vitu, na nilikaa mbele yake kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Juu kabisa ndipo penye makuti. Paa limeinuliwa juu ya nguzo na pembeni pako wazi, hivyo upepo wa kusi ulipita usiku kucha nami sikuhitaji feni. Usiku wa pili mvua ilinyesha, na kwa sababu paa lina mwinamo mkali, maji yaliteremka haraka bila kupenya.

Jambo moja lilinisikitisha sana. Ukuta wa bafu la chini ulikarabatiwa kwa saruji, na saruji hairuhusu unyevu kutoka kama chokaa inavyoruhusu. Rangi imefura kama malengelenge. Nilipoigusa ilidondoka, na unga mweupe wa chumvi ukabaki kidoleni. Mzee anayeitunza nyumba aliniambia, "Mwanangu, ukuta huu umezibwa pumzi," nami nakubaliana naye kabisa.

Nimemwomba mwenye nyumba aibandue saruji hiyo na kumwita fundi wa chokaa. Kwa sasa naipa nyumba nyota 4 kati ya 5, na atakayekwenda aombe chumba cha juu.