Uzoefu wangu na pedi ya karatasi ya rangi za mafuta: Ziwa Victoria juu ya meza ya Sinza

Nimeitumia pedi hii kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Mei, yaani masika yote, na sidhani kama upo mtihani mkali zaidi kwa karatasi katika jiji hili la Dar es Salaam, ambako hata chumvi ya mezani hulowa ndani ya kopo lake. Ni pedi ya karatasi 10, sentimita 30 kwa 40, uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, na jaladani imeandikwa kuwa imetayarishwa kwa rangi za mafuta bila kuhitaji kupakwa kitu kingine. Niliinunua kwa shilingi 58,000 katika duka moja la vifaa vya shule na sanaa mjini, bei ambayo kwa fundi wa fremu ninayemfahamu ingeninunulia vipande vingi vya hadibodi vilivyokwisha kukatwa. Kwa hiyo niliianza nikiwa na deni moyoni, na niliichunguza kwa jicho la mtu aliyelipa.

Sababu ya kutaka karatasi ni nafasi. Ninaishi katika chumba kimoja na sebule, na turubai zilizowambwa kwenye mbao zimekwisha kujaa nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Picha ya karatasi huingia kwenye faili, hupanda daladala bila kugombana na abiria, na ikiharibika haikuachii mbao za kuhifadhi. Wala si jambo la kubahatisha: mchoraji Mwingereza John Constable alichora mawingu ya Hampstead kwa rangi za mafuta juu ya karatasi mwaka 1821 na 1822, na kazi hizo zinatazamwa hadi leo.

Tatizo la karatasi ya kawaida linafahamika kwa yeyote aliyewahi kujaribu. Mafuta ya mbegu za kitani, ambayo ndiyo hushika rangi pamoja, hayakauki kwa kupotea hewani kama maji. Hukauka kwa kuvuta oksijeni na kugeuka utando mgumu, na katika mabadiliko hayo huzaa asidi. Yakizama ndani ya nyuzi za karatasi isiyokingwa, nyuzi huwa za manjano, kisha hukakamaa, na baada ya miaka hukatika kama jani kavu la mgomba. Karatasi iliyotengenezwa kwa ajili ya mafuta huwa na kinga ndani yake au juu yake, inayoruhusu rangi ishike bila mafuta kupenya hadi nyuma. Hicho ndicho mnunuzi anachokilipia hasa, na ndicho nilichokwenda kukipima. Muuzaji aliniambia, “Dada, hii hainywi mafuta hata uiache usiku kucha.” Kwa kweli karatasi nzuri ya aina hii hunywa kidogo, na hilo si kosa, kosa ni kuvusha.

Karatasi mbili za kwanza nilizitumia kujaribia rangi, na zote zilifanya kazi vizuri. Ya tatu niliitengea ziwa. Nilikulia Kirumba, Mwanza, karibu na mwalo, na picha niliyokuwa nayo kichwani ilikuwa ya alfajiri, mitumbwi ya dagaa inaporudi na taa zake zimekwisha kuzimwa. Ukisimama pale na kutazama ziwani, jua huchomoza nyuma yako, nyuma ya mji, kwa hiyo mwanga hutangulia kugusa vilima vya ng'ambo ya ghuba na vichwa vya miamba, ilhali maji yaliyo miguuni pako bado ni kiza. Maji yenyewe hayana bluu ya Bahari ya Hindi inayoonekana Msasani. Yana ukijani na ukijivu, na mchoraji wa Dar es Salaam anayepaka ziwa kwa mazoea ya pwani hujikuta amechora Coco Beach yenye miamba.

Niliibandika karatasi kwenye hadibodi kwa utepe wa karatasi pande zote nne, nikapaka juu yake tabaka jembamba la rangi ya udongo iliyochomwa, iliyozimuliwa kwa tapentaini. Hapa ndipo pedi ilinishangaza kwa wema. Kwenye turubai tabaka kama hilo huteleza na kukusubirisha. Kwenye karatasi hii lilitulia baada ya dakika chache tu, likapoteza mng'ao, na nikaweza kuweka anga juu yake bila rangi ya chini kuchanganyika na kuwa matope. Brashi hukokota kidogo, kama inayopita juu ya ukuta wa chokaa, na mkokoto huo unafaa mno kwa ukungu wa asubuhi: ukibeba rangi kidogo na kuivuta kwa ulalo, brashi huacha madoadoa ya udongo yakichungulia katikati ya kijivu, na macho huyasoma kama unyevu juu ya maji. Ukanda ule wa mbali, pale vilima vinapokutana na ziwa, ulinichukua chini ya robo saa, nami sijawahi kuupata hivyo kwenye kitu kingine.

Upande wa pili wa tabia hiyohiyo ni kwamba karatasi haisamehe. Taswira ya mwamba majini haiwi nakala ya mwamba. Sehemu zenye giza hupungua giza kidogo zikiwa majini, na zenye mwanga hufifia, hivyo viwango vyote vya giza na mwanga hukaribiana. Nilikosea mara ya kwanza kwa kuipaka taswira kuwa nyeusi kuliko mwamba wenyewe. Kwenye turubai ningefuta kwa kitambaa chenye tapentaini na kuanza upya. Nilipofuta hapa, rangi ilitoka nusu, nusu ikabaki imeingia kwenye vinyweleo vya karatasi, na niliposisitiza, uso ulianza kuota manyoya madogo kama blanketi kuukuu. Ilinibidi niache ikauke, kisha nipake juu yake rangi nzito zaidi kwa kisu. Tangu siku hiyo sianzi maji kabla ya kuchora mpango wa giza na mwanga kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni, jambo ambalo pengine nilipaswa kulifanya tangu zamani.

Kuhusu kukauka, tusiilaumu karatasi kwa makosa ya hewa na ya rangi zenyewe. Miamba niliyoipaka kwa hudhurungi ya amba, udongo ambao kwa asili una manganizi inayoharakisha ukaukaji, ilikuwa mikavu siku ya pili. Michirizi ya nyeupe ya titani kwenye ukanda wa maji yenye mwanga ilibaki laini kwa zaidi ya wiki mbili, madirisha yakiwa wazi na mvua ikinyesha. Katika muda huo mbu wawili wa Sinza waliingia kwenye anga la Mwanza na hawakutoka. Nimewaacha. Nitumie nafasi hii pia kuwakumbusha wenzangu wanaofanyia kazi chumbani kwamba matambara yaliyolowa mafuta ya kitani hupata joto yenyewe yakikunjwa pamoja na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yaanikeni yakiwa yametandazwa, au yatieni kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.

Sasa nije kwenye malalamiko. Siku ya nne nilipobandua utepe, niliona kwenye kona ya chini kushoto, mahali nilipoweka maji ya karibu kwa rangi yenye mafuta mengi, rangi imekufa mng'ao kwa upana wa kiganja. Nikaigeuza karatasi. Nyuma kulikuwa na duara la manjano linalong'aa, na nilipoliinua kwenye dirisha mwanga ulipita kama unavyopita kwenye karatasi iliyofungiwa maandazi. Kinga haikuwapo pale, au ilikuwapo kwa jina. Kwa kuwa sikutaka kuihukumu pedi nzima kwa kona moja, niliweka tone la mafuta kwenye pembe ya kila moja ya karatasi saba zilizobaki na kuziacha hadi kesho yake. Tano zilikuwa safi kabisa upande wa nyuma. Mbili zilikuwa na doa. Pia karatasi zote zilijipinda mara tu zilipotoka kwenye pedi wakati wa mvua, lakini hilo ni la kawaida na utepe ulilidhibiti.

Niliirudisha dukani pamoja na ushahidi wangu. Muuzaji aliipokea kwa adabu, akaitazama kwenye taa, akasema, “Pole sana dada yangu, lakini mzigo unakuja hivyohivyo kutoka nje.” Kurudishiwa fedha hakukuwezekana kwa sababu pedi ilikwisha kufunguliwa, kana kwamba ipo njia ya kulipima doa la mafuta kupitia plastiki.

Je, ningeinunua tena? Kwa mazoezi ya mwanga na ukungu, ndiyo, kwa sharti la kupima kila karatasi kwa tone kabla ya kuipa kazi. Kwa picha ya kuuza, siwezi kumpa mteja kitu ambacho theluthi yake inaweza kuwa inaoza taratibu ukutani kwake. Wachoraji wa Tingatinga wa Oysterbay wametumia hadibodi na rangi za kung'aa tangu Edward Saidi Tingatinga alipoanza mtindo huo mwishoni mwa miaka ya 1960, na ubao wao, pamoja na uzito wake, haumfichi mtu kitu. Aliye na bajeti ndogo anaweza pia kununua karatasi nzito ya rangi za maji na kuipaka jeso, yaani rangi nyeupe nzito ya kutayarishia uso wa picha, mara mbili, mara ya pili kwa kukatiza mwelekeo wa ya kwanza. Mkokoto wa brashi hauwi ule ule, lakini mafuta hayavuki.

Lile ziwa la alfajiri nimelibandika kwenye hadibodi kwa gundi isiyo na asidi, nami nimeandika nyuma yake tarehe na neno “limevuja”, ili atakayelipata baadaye asishangae. Fundi wa fremu aliliwekea kioo chenye nafasi mbele, akalitazama kwa muda, kisha akaniuliza kama wale mbu nimewachora kwa makusudi. Zile karatasi mbili zenye doa ziko juu ya kabati na jeso yake imekwisha kukauka, na moja nimekwisha kuipigia mstari wa vilima kwa penseli, safari hii kwa ajili ya jioni, jua likiwa upande wa maji.