Tazama kitako kwanza: uzoefu wangu wa kuchagua sufuria

Kwa miaka 4 nilipikia seti ya sufuria nyepesi za alumini, zile zinazopangwa moja ndani ya nyingine, na kila nilipopika wali wa nazi kwenye jiko la gesi mambo yalikuwa yaleyale: katikati umeungua, pembeni punje bado ngumu. Niliulaumu mchele, nikalilaumu jiko, hadi siku nilipoigeuza sufuria nikakuta kitako kimebonyea na kina doa jeusi la mviringo, palepale moto unapopiga.

Nikaenda eneo la Gerezani, Dar es Salaam, kununua sufuria ya alumini ya kusubu, yaani iliyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, yenye kitako kinene na kifuniko kizito. Kabla ya kulipa niliiweka mezani nikaibonyeza ukingoni. Ya kwanza ilitikisika, nikaikataa, ya pili ikatulia.

Alumini hupitisha joto kuliko chuma cha pua kwa zaidi ya mara 10, lakini bati likiwa jembamba, joto hupenya moja kwa moja hadi kwenye chakula kabla halijatawanyika, na unene ndio unaolipeleka pembeni. Sasa tui likikaribia kukauka napunguza moto, nafunika, na wali huiva wote kwa pamoja, ukoko ukiwa wa rangi ya dhahabu. Nikitumia mkaa, kifuniko kile hustahimili kupaliwa, ilhali vile vyepesi vilikuwa vikipinda na kumwaga majivu ndani ya chakula.

Kasoro zipo. Ikijaa ni nzito mno kwa mtu mmoja kuiepua, na vishikio huchoma vibaya. Lililo kubwa zaidi ni kwamba sufuria nyingi za aina hii husubiwa kwa vyuma chakavu, ambamo huweza kuwamo risasi, madini yenye sumu, na vyakula vichachu huitoa kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo mchuzi wa nyanya au wa ukwaju siupiki humo, wala silazi kiporo. Kwa kazi hiyo nilinunua baadaye sufuria ya chuma cha pua ambayo kitako chake kina tabaka la alumini katikati. Bei yake iliniuma, lakini mchuzi haushiki chini.

Ile seti ya zamani sikuitupa. Ndiyo ninayochemshia maji ya kuoga.