javac na klasipathi yake: nyota nne, ya tano nimeibana

Natumia javac, kompaila ya Java, kila siku na naipenda, sa leo sitaki kuongelea spidi wala nini, nataka kuongelea jinsi inavyotafuta klasi kwenye klasipathi, yaani orodha ya sehemu za kutafutia, maana hapo ndo watu wengi wanapoteza masaa na kuishia kuilaumu Java nzima.

Mpango wenyewe ni rahisi na mi naukubali sana. Ukiandika import com.duka.Bidhaa, inageuza nukta kuwa folda, inaenda kwenye kila sehemu uliyoitajia kwenye -cp (hapo ndo unapoandika klasipathi), inatafuta com/duka/Bidhaa.class. Kwa hiyo unaitajia folda iliyobeba com, sio folda ya duka. Ukiingia ndani zaidi utaambiwa paketi haipo wakati unaiona kwa macho yako! Usipoitajia kitu chochote inaangalia CLASSPATH ya mfumo, na hiyo nayo isipokuwepo inaangalia folda uliyopo, basi. Ila ukishaweka -cp mwenyewe, CLASSPATH inapuuzwa na ile folda uliyopo nayo inatoka, lazima uirudishe kwa kuongeza nukta (.) kwenye hiyo -cp. Wengi hawalijui hili.

Sasa kilichonifanya niandike. Nilikuwa na jar za watu (faili zinazobeba klasi nyingi kwa pamoja) kwenye lib, klasi zangu kwenye build, nikaongeza methodi ya punguzo() kwenye Bidhaa, nikaikompaili vizuri ikaingia build, halafu nikaikompaili Main hivi:

javac -cp "lib/*:build" Main.java

Ikagoma. Eti punguzo haijulikani. Nafungua faili, methodi ipo, nafuta build naanza upya, bado, jioni nzima imeenda hivyo yaani nilianza kuhisi editor haisevi kitu. Mwisho nikaongeza -verbose na ikamwaga mistari kibao, lakini juu kabisa ikaonyesha orodha ya sehemu inazotafuta, na chini kidogo mstari unaosema Bidhaa imepakiwa kutoka jar ya zamani iliyokuwa imelala humo lib. Jar niliyoitengeneza mwenyewe miezi ya nyuma nikaisahau! Kompaila inafuata mpangilio, ikiikuta klasi inachukua ya kwanza na haiendelei kuangalia mbele. Nikaandika build kwanza kisha lib, ikapita hapo hapo, halafu ile jar nikaifuta kabisa.

Hapo ndo nyota ya tano ilipobaki. Ina -Xlint:path inayokuonya ukitaja folda isiyokuwepo, safi sana, iwasheni jamani, ila klasi moja ikiwepo sehemu mbili inanyamaza kimya. Kuchukua ya kwanza sina tatizo nako, ni sheria inayoeleweka, ila iseme basi.

Ile alama ya nyota kwenye lib/* ilikuja na Java 6 na imetuokoa na kuandika jar moja moja, ila inachukua jar zilizopo kwenye folda hiyo tu, haishuki kwenye folda za ndani na klasi zilizolala wazi humo haizioni. Tena usitegemee mpangilio wa jar ndani ya nyota, hauna uhakika, zikigongana mbili taja moja moja kwa mkono. Na ifungieni kwenye alama za kunukuu, la sivyo terminali inaitawanya kabla javac haijaiona. Kwenye Windows kitenganishi cha sehemu za klasipathi ni ; sio :, wakati mwingine hilo tu ndo tatizo zima.

Kitu kingine nilichokipenda, usipoweka -sourcepath (sehemu za kutafutia faili za .java) inatafuta hata faili za .java humo humo kwenye klasipathi, na ikikuta .java na .class za klasi moja inachukua iliyo mpya zaidi. Ukikopi mradi tarehe za faili zinaweza kuvurugika na ukapewa ya zamani, ukihisi hivyo weka -Xprefer:source ili ichukue .java.

Halafu kukompaili kukipita usidhani umemaliza, amri ya java inataka -cp yake yenyewe, haikumbuki uliyompa javac. Na ukiendesha kwa java -jar, hiyo -cp haisomwi kabisa, zinazosomwa ni klasi za jar yenyewe na sehemu zilizotajwa kwenye manifesti yake, yaani faili la maelezo lililomo ndani ya jar.

Toka siku ile kosa la klasi kutojulikana likija naanza na -verbose kabla sijagusa msimbo, na jicho langu linaenda moja kwa moja kwenye jina la jar.