Nyota 3 kwa programu ya kupanga vipaumbele

Nasimamia programu ya stoo, na maombi ya wateja hayaishi: huyu anataka mandhari nyeusi ya skrini, yule ripoti mpya, bosi naye karudi mkutanoni na wazo. Kuyapanga, tunalipia programu inayotumia kanuni ya RICE, iliyoanzia kampuni ya Intercom: idadi ya watakaoguswa, mara uzito wa faida, mara uhakika wako, kisha unagawanya kwa miezi ya kazi.

Kwenye uhakika hapo ndipo iliponiteka. Madaraja ni 3 tu: asilimia 100, 80 na 50. Mtu wa mauzo akija na "wateja wote wanakililia hiki", namsogezea kompyuta achague mwenyewe. Akichagua 50, alama za ombi lake zinapungua nusu papo hapo, wote wanaona, na hakuna aliyemvunjia heshima. Zamani mwenye sauti kubwa ndiye aliyeshinda.

Tatizo ni kwamba ikishapanga, imemaliza. Tuseme mandhari nyeusi ina watu 900, uzito 0.5, uhakika 100, mwezi 1: alama 450. Kufanya kazi bila intaneti: watu 400, uzito 2, uhakika 50, miezi 4: alama 100. Basi rangi inatangulia! Kumbe hao 400 wako kwenye stoo ambazo mtandao haushiki, na bila hicho kipengele hawawezi kuingiza mzigo hata mmoja. Noriaki Kano, mtaalamu wa ubora wa bidhaa kutoka Japani, alishaeleza mwaka 1984 kuwa yapo mambo ambayo mteja hatakushukuru ukimpa, ila ukimnyima atakasirika. Humu hakuna pa kuyatenga. Mimi naandika LAZIMA kwa herufi kubwa mwanzoni mwa jina la ombi. Ushamba, najua, lakini halipotei tena chini ya orodha.

Mengineyo ni mazuri: ni nyepesi, inapokea majedwali bila kuyavuruga. Ila ukifuta ombi kwa bahati mbaya limekwenda, halirudishiki, na toleo jipya badala ya kurekebisha hilo limeleta fataki zinazolipuka kila kazi inapokamilika. Natamani kuona hizo fataki walizipa alama ngapi.

Kama wakubwa ni wengi na kila mmoja ana lake, lipia. Timu ya watu wawili, jedwali la kawaida linatosha kabisa.